Mafuta Ambayo Hayauzwi Konyo Konyo

Katika soko la Konyo Konyo, mjini Juba, mafuta ya kupikia huja kwa sura nyingi. Yapo madumu ya njano ya mawese yaliyosafishwa, yaliyopanda kwa lori kutoka Kenya na Uganda kupitia mpaka wa Nimule. Zipo chupa za alizeti zenye picha ya ua. Yapo makopo ya msaada ambayo yamefika sokoni kwa njia zake. Yapo mafuta ya ufuta, ambao hapa kila mtu huuita simsim, na ukimpata mama anayeyaleta kutoka kijijini utanunua lulu, yaani mafuta ya mti wa shea, yaliyojazwa kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Zamani mnunuzi aliuliza bei, akalalamika kidogo, akalipa. Siku hizi anaongeza swali: haya hayaleti kansa?

Simu ndiyo iliyoleta swali hilo. Video moja inasema mafuta ya mbegu ni sumu. Nyingine inasema mawese ndiyo muuaji. Ya tatu ina bwana mwenye koti jeupe anayesifu vidonge vya mafuta ya samaki, na vidonge hivyo vimekwishafika kwenye maduka ya dawa ya Juba, mji ambao samaki wenyewe hushushwa kutoka mitumbwini mchana kweupe.

Simcheki anayeuliza. Mtu asiye na kipimo wala tiba karibu hubaki na kitu kimoja anachoweza kukitawala, nacho ni sufuria yake. Ila nadhani tumemshika mshitakiwa mdogo. Asidi ya mafuta ambayo mkazi wa Juba anapaswa kuihangaikia kuliko zote haimo katika dumu lolote pale sokoni. Hutengenezwa ndani ya utumbo wake mwenyewe, kwa mtama, bamia, maharage na majani, na mji huu umeanza kuacha kuitengeneza bila mtu yeyote kupiga kelele.

Nitafika huko. Kwanza madumu, maana nayo yana haki ya kusikilizwa.

Mafuta yote tunayokula ni mkusanyiko wa asidi za mafuta, minyororo ya kaboni inayotofautiana kwa urefu na kwa jinsi ilivyounganishwa. Mawese yana asidi ya palmitiki kwa wingi, zaidi ya asilimia 40. Alizeti ya kawaida ina linoleiki, ambayo ni ya kundi la omega-6, kwa zaidi ya nusu. Simsim inakaribia kugawanyika sawa kati ya linoleiki na oleiki. Lulu ya kwetu, inayotokana na jamii ya mti wa shea inayoota Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ina oleiki kwa zaidi ya nusu, ndiyo maana ni laini kuliko shea ya Afrika Magharibi na kwenye joto la Juba humiminika yenyewe. Oleiki ndiyo hiyo hiyo inayofanya mafuta ya zeituni yasifiwe katika majarida ya Ulaya. Mama anayetuletea lulu kutoka Magwi hajawahi kusifiwa na jarida lolote.

Sasa, seli ya saratani hupenda mafuta. Huyatumia kujengea utando wake inapogawanyika haraka, huyachoma kwa nguvu, na nyingi hujitengenezea mafuta yao zenyewe hata kama mwenye mwili anashinda njaa. Wataalamu wa maabara wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1950. Kilichobadilika karibuni ni kwamba wameanza kuuliza asidi ipi hufanya nini. Mwaka 2021 kundi la Salvador Aznar Benitah, huko Barcelona, lilionyesha kwamba seli za uvimbe zilizolishwa asidi ya palmitiki zilipata tabia ya kusambaa mwilini mwa panya, na tabia hiyo ilibaki hata baada ya palmitiki kuondolewa. Oleiki na linoleiki hazikufanya hivyo. Mtu akisoma hapo tu, atatupa dumu lake la mawese.

Asitupe haraka. Mwaka 2025 kundi la John Blenis, New York, lilichapisha katika jarida la Science kwamba linoleiki huamsha mfumo wa ukuaji katika aina moja ya saratani ya matiti, ile isiyoitikia tiba za homoni, tena ngumu kutibu, na ambayo huwapata zaidi wanawake weusi wa Marekani kuliko weupe. Panya waliolishwa linoleiki kwa wingi walipata vivimbe vikubwa zaidi. Kwa hiyo alizeti nayo imeingia kizimbani, na simsim nyuma yake. Ukiwafuata panya hatua kwa hatua utamaliza na wali wa maji na chumvi.

Halafu waulize watu. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi uliotumia hifadhi kubwa ya takwimu za afya ya Uingereza iitwayo UK Biobank. Watafiti walipima asidi za mafuta katika damu ya watu zaidi ya 250,000, wakawafuata kwa miaka mingi. Karibu 30,000 walipata saratani. Waliokuwa na kiwango cha juu cha omega-3 walipata kwa uchache saratani za utumbo mpana, tumbo na mapafu. Waliokuwa na kiwango cha juu cha omega-6, ndiyo, ile linoleiki na ndugu zake, nao walikuwa na hatari ndogo kwa aina nyingi za saratani. Wakati huo huo omega-3 ilionekana kwenda pamoja na ongezeko dogo la saratani ya tezi dume, jambo ambalo uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2013 ulikuwa umeliona na kuzua ubishi mkubwa.

Linoleiki ni adui kwa panya na rafiki kwa Waingereza? Inawezekana yote mawili yana ukweli wake, kwa kuwa uvimbe uliokwishaota na mwili ambao haujapata uvimbe ni mambo mawili. Lakini pia tukumbuke Mwingereza mwenye omega-3 nyingi katika damu ni nani. Mara nyingi ndiye anayenunua samaki wa bei, asiyevuta sigara, anayekwenda kwa daktari kabla hajaugua. Damu yake inasema mengi kuhusu mshahara wake. Njia ya kumtenganisha samaki na mshahara ni kuwagawa watu kwa bahati nasibu, na hilo lilifanyika Marekani. Watu 25,871 waligawanywa, nusu wakapewa gramu moja ya omega-3 kila siku, nusu vidonge bandia, wakafuatwa kwa zaidi ya miaka mitano. Matokeo yalitangazwa Novemba 2018: omega-3 haikupunguza idadi ya waliopata saratani. Miaka 12 kabla ya hapo, jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 48,000 wa Marekani, ambapo baadhi yao walifundishwa kupunguza mafuta ya kila aina, lilikuwa limeonyesha tofauti ndogo ya saratani ya matiti, ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu.

Kwa hiyo huyo bwana mwenye koti jeupe ninamjibu hivi: vidonge vyako vilikwishapimwa kwa gharama kubwa, havikufua dafu. Na yule anayesema mbegu ni sumu namwambia alete watu, si panya.

Mafuta yanayohusishwa na saratani kwa ushahidi mzito ni yale yaliyorundikana mwilini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, lilipitia ushahidi mwaka 2016 likahitimisha kwamba kuepuka unene wa kupindukia hupunguza hatari ya aina 13 za saratani, zikiwemo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo, mfuko wa uzazi, na ya matiti kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Tishu ya mafuta iliyojaa hutoa homoni, huchochea uvimbeuchungu wa chinichini, hupandisha insulini. Hilo ni somo la wale wanaopita barabara za Juba ndani ya magari ya vioo vyeusi, na idadi yao si haba. Kwa nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawana uhakika wa chakula cha kutosha, kumwambia mama wa kambini apunguze mafuta ni matusi. Kijiko cha mafuta kwenye asida, yaani ugali, ya mtoto wake ndicho kinachomvusha mwezi.

Sasa tugeukie utumbo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya simsim na shea, ile ile inayoendelea hadi upande wetu wa mpaka. Jicho lake moja lilikuwa limepotea utotoni. Baadaye alihamia Mulago, Kampala, na mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unabeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali, wakiuliza wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa vyuoni.

Sehemu isiyosimuliwa sana ilikuja aliporudi Uingereza. Burkitt alijiuliza kwa nini miaka yote aliyopasua matumbo ya Waganda alikutana kwa nadra na saratani ya utumbo mpana, ilhali London ilikuwa ugonjwa wa kila wiki. Jibu lake lilikuwa chooni. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet vipimo ambavyo wengi waliona haya kuvisoma kwa sauti: wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 za kinyesi kwa siku, na chakula kilichukua kama saa 36 kupita mwilini. Wanamaji wa Uingereza walitoa kama gramu 104 na kungoja zaidi ya saa 80. Burkitt alisema tofauti ni nyuzinyuzi za chakula, zile zilizobaki katika mtama, ulezi na maharage, na zilizokobolewa katika unga mweupe. Alizunguka dunia akihubiri hivyo, mara nyingi akionyesha picha za vinyesi ukumbini baada ya chakula cha jioni.

Alidhani nyuzinyuzi hufanya kazi ya ufagio, husukuma uchafu utoke upesi. Hapo alikuwa amefika nusu ya njia. Nyuzinyuzi zinapofika utumbo mpana bila kumeng'enywa, bakteria waishio humo huzila na kuzichachua, na katika kuchachua hutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, yenye kaboni nne tu, ni butireti. Seli zinazotandika utumbo mpana hupata karibu asilimia 70 ya nguvu zao kutokana nayo. Ndicho chakula chao. Na butireti hiyo hiyo inapoikuta seli iliyoanza kuelekea saratani, ambayo haiichomi kwa kasi kama seli nzima, hurundikana ndani yake, huingilia namna jeni zake zinavyofunguliwa na kufungwa, na katika majaribio ya maabara huifanya iache kugawanyika au ife.

Tazama jinsi jambo lilivyopinduka. Tunabishana kuhusu asidi zenye kaboni 16 na 18, zile za madumu, na huku mojawapo ya zile ndogo zaidi katika ukoo, isiyo na chupa wala tangazo, ndiyo inayolinda ukuta wa utumbo.

Wapenda ng'ombe, na Juba imejaa wapenda ng'ombe, watasema butireti imo pia katika samli. Imo, asilimia chache. Lakini ya samli hunyonywa juu huko, kabla haijafika utumbo mpana. Kwa seli za huko chini inayofaa ni ile inayopikwa huko huko.

Ushahidi uliompendelea Burkitt kwa namna ya kuvutia ulikuja mwaka 2015. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipewa chakula cha kijijini, nyuzinyuzi zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku. Waafrika Kusini walipewa chakula cha Marekani, nyama na vya kukaanga, nyuzinyuzi zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Ndani ya siku 14 utengenezaji wa butireti kwa Wamarekani uliongezeka mara mbili na nusu. Kwa Waafrika Kusini ulipungua nusu. Dalili za uvimbeuchungu na kasi ya kugawanyika kwa seli za utumbo zilifuata mkondo huo huo, pande zote mbili. Wiki mbili! Mtu akihama kijijini kwao Torit akaja kuishi mtaa wa Gudele, Juba, kwa mikate na soda, haimchukui kizazi kizima.

Lazima niseme pia yasiyopendeza. Wiki mbili hazizai saratani, zinazaa dalili tu. Mwaka 2000 lilitangazwa jaribio la Marekani ambapo watu wapatao 2,000 waliokwisha kutolewa vinyama vya utumbo walipewa mlo wenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache kwa miaka minne. Vinyama vilirudi sawasawa na kwa wale ambao hawakubadilisha kitu. Jaribio jingine, la watu wenye urithi wa kifamilia wa saratani ya utumbo, liliwapa wanga sugu, ule usiomeng'enywa, gramu 30 kwa siku kwa muda wa hadi miaka minne. Matokeo ya mwaka 2022, baada ya kuwafuatilia kwa miaka mingi, yalishangaza: saratani ya utumbo mpana haikupungua, bali zile za sehemu nyingine, hasa za tumbo na jirani zake, zilipungua kwa karibu nusu. Kwa upande mwingine, uchunguzi mkubwa wa Ulaya uliohusisha zaidi ya watu 500,000, uliochapishwa mwaka 2003, uliona waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi wakiwa na hatari ya saratani ya utumbo iliyopungua kwa robo. Nikipima yote, naona mlo wa maisha mazima una uzito, na kuanza kula pumba baada ya ugonjwa kubisha hodi hakuna uzito mkubwa.

Burkitt mwenyewe alikuwa na udhaifu mwingine ambao sisi wa Juba tunaufahamu vizuri. Alihesabu waliofika hospitali. Mzee aliyekuwa akitoa damu chooni, akanywa mizizi, akafa shambani, hakuwa katika daftari lake. Kampala ilikuwa na rejesta ya saratani tangu miaka ya 1950 na hata hivyo picha ilikuwa na matundu. Sudan Kusini haina rejesta ya taifa zima. Makadirio ya kimataifa yanayotajwa kuhusu saratani zetu yanategemea zaidi takwimu za majirani. Tunapojadili mafuta gani yanaongeza saratani mjini Juba, tunajadili ongezeko ambalo hakuna aliyelipima.

Turudi mezani. Chakula cha Juba ya jana kilikuwa kiwanda cha butireti. Kisra, ule mkate mwembamba wa mtama uliochachushwa, unatandazwa kwenye bamba la moto kwa mkono usiotetemeka. Asida ya mtama inayobaki usiku ikapoa, na sehemu ya wanga wake ikageuka kuwa sugu. Bamia, iwe mbichi au iliyokaushwa na kusagwa. Khudra, mboga ya majani. Maharage. Rijla, jani nene lenye uchachu kidogo linaloota hata penye takataka, ambalo miongoni mwa mboga za majani lina omega-3 ya mimea kuliko nyingi. Majani yanayopikwa kwa karanga zilizosagwa. Samaki mkavu kutoka Terekeka. Mtaalamu wa lishe wa Pittsburgh angeomba apewe menyu hiyo.

Vita vya 2013 na 2016 viliwatoa watu mashambani, na lori la kutoka kusini likajaza pengo. Unga mweupe wa mahindi, unga wa ngano, mchele, biskuti, soda. Mkate wa ngano ukawa ndio mkate, chapati na yai zikawa kifungua kinywa cha boda boda, na kisra ikabaki kuwa chakula cha harusi, cha Ramadhani, au cha nyumba ambayo bibi bado ana nguvu. Simlaumu mtu. Kisra inataka siku ya kuchachusha, kuni na mgongo. Mkate unataka noti. Lakini mtama hauna mtetezi: hauna kampuni, hauna video, na katika mazungumzo ya mjini ni chakula cha msaada, cha watu waliofilisika.

Nilisema mafuta ni mshitakiwa mdogo. Karanga inanionyesha jambo hilo vizuri zaidi. Kwa upande wa asidi za mafuta karanga ni malaika: oleiki nyingi, linoleiki ya kiasi, hakuna wa kuilalamikia. Lakini karanga iliyovunwa kwenye mvua, ikarundikwa kwenye gunia la plastiki na kungoja lori, huota ukungu, na ukungu huo huzaa sumukuvu. Hii IARC imeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Hulenga ini. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina B, ambavyo ni vya kawaida nchini humu, hatari zake mbili hazijumlishwi, huzidishana. Kupika hakuiondoi. Kusafisha mafuta kiwandani huondoa sehemu kubwa, kwa hiyo lile dumu la njano linalotukanwa lina sumukuvu kidogo kuliko karanga iliyosagwa na kuwekwa kwenye beseni kando ya barabara. Watu wa Makueni na Kitui wanakumbuka mwaka 2004, Wakenya 317 walipougua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 kufa. Mwaka 2023 mamlaka ya viwango ya Sudan Kusini ilizuia malori ya nafaka za Uganda upande wa Nimule kwa madai hayo hayo, na wafanyabiashara wakapiga kelele kwamba ni njama. Labda ilikuwa njama, labda ilikuwa sumu. Ninachokitaka ni kwamba karanga za hapa hapa, zisizovuka mpaka wowote, nazo zipimwe, na mkulima apewe turubai la kuanikia. Turubai moja linazuia saratani nyingi kuliko kopo la vidonge vya samaki.

Kuhusu mafuta yanayorudiwa kukaangia taamia na mandazi mpaka yawe meusi, nina machache. Yanapochemka mara nyingi huzaa aldehaidi zisizofaa, na moshi wa kukaangia kwa joto kali IARC imeutaja kuwa huenda husababisha saratani. Anayeuvuta zaidi si mteja. Ni yule mama aliyeinama juu ya karai tangu alfajiri, chini ya bati, na mkaa wake chini. Akipata mahali penye upepo na mafuta mapya kila baada ya siku kadhaa, itamsaidia kuliko kubishana naye kuhusu mawese na alizeti.

Na kwa wanawake wa nchi hii, kwa makadirio hayo yaliyopo, saratani zinazoongoza ni ya matiti na ya mlango wa kizazi. Hii ya pili husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, ambacho hakijali umekaangia nini. Ina chanjo, na dalili zake za mwanzo zinaweza kuonekana kwa siki na taa, zikatibiwa siku hiyo hiyo. Mama anayebadilisha mafuta kwa hofu ya kansa na hajawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi amepotoshwa, na si kosa lake.

Yakishindikana hayo, safari huanza. Sudan Kusini haina mashine ya tiba ya mionzi. Kwa miaka mingi wagonjwa walielekea Khartoum, mpaka vita vya Aprili 2023 vilipofunga mlango huo. Waliobaki huenda Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967 pale pale Mulago alipofanya kazi Burkitt. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na hadi mapema mwaka 2018, ilipozinduliwa mpya, mgonjwa wa Juba aliyetegemea Kampala alihesabu nauli hadi Nairobi. Wenye fedha huenda Misri au India. Ng'ombe wengi wameuzwa kwa safari hizi, na mara nyingi mgonjwa hufika uvimbe ukiwa umekwisha kusambaa.

Ndiyo maana sipendi kuona nguvu ya mjadala ikiishia kwenye rangi ya dumu. Nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na biashara ya nafaka ya mpakani inajadiliwa mara kwa mara kwa lugha ya ushuru. Ningependa ijadiliwe pia kwa lugha ya utumbo: mtama wa Renk na wa Ekwatoria ufikeje Juba bila kulipishwa kwenye kila kizuizi cha barabarani, wakati unga mweupe unapita. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, huleta mtama ukiwa punje nzima, na anayepokea hulazimika kulipia kusaga, mara nyingine kwa kukatwa sehemu ya mgao wake huo huo. Wengine huuza mtama wanunue unga wa ngano usiohitaji kusagwa. Mashine ya kusaga bila malipo kando ya kila kituo cha ugawaji, isiyokoboa, yenye ungo wa matundu makubwa: hilo ni ombi la bei ndogo, na wizara mbili zinaweza kulijadili asubuhi moja, ya afya na ya kilimo, kabla ya chai.